Tumeshika makali kwa muda mrefu, vijana wa Turkana sasa tushike mpini

Jumamosi moja nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kinyozi kule Kakuma 1, shingo nimeinua, povu mpaka masikioni. Kinyozi wangu ni Mkongo mmoja ambaye mkono wake hautetemeki hata jenereta ya jirani ikizima. Alikuwa ameshika wembe wa kukunja, ule unaowekwa kipande kipya cha wembe kwa kila mteja. Lakini mpini wake, jamani! Ulikuwa plastiki iliyopasuka, imefungwa na raba ya tyubu ya baiskeli.

Nikamuuliza mbona asinunue mwingine. Akacheka. "Ndugu, chuma iko muzima," akaniambia. "Ni mupini tu njo ilikufa."

Maneno hayo yalinikaa kichwani safari yote ya kurudi Lodwar, kilomita kama 120 za kutosha kuwaza. Chuma ni kizima, ila kwa sababu ya vipande viwili vya plastiki vya shilingi chache, kifaa kizima kinakaribia kutupwa. Na kinyozi akikitupa, pesa ya kununua kingine inatoka Kakuma, inapitia Lodwar, Kitale na Nairobi, halafu inapanda meli. Hairudi tena.

Waswahili husema aliyeshika mpini ndiye mwenye kuamua, na aliyeshika makali ndiye anayekatika. Hoja yangu leo ni hiyo hiyo, ila naichukua kwa maana yake halisi kabisa. Kijana wa Lodwar au Kakuma anaweza kutengeneza mpini wa wembe nyumbani kwa resini, mti na mfupa. Si ndoto ya mtandaoni. Nimejaribu, nikaharibu, nikajaribu tena. Na nadhani kazi hii ndogo inatuambia jambo kubwa kuhusu mafunzo tunayopewa kila mwaka na yanayoishia kwenye vyeti vya kubandika ukutani.

Makali ya kwanza yalitoka hapa

Kwanza tukumbushane kitu. Mwaka 2011, watafiti waliokuwa Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, waliokota mawe yaliyochongwa makusudi. Walipotangaza matokeo mwaka 2015, umri wa mawe hayo ulikuwa miaka milioni 3.3. Mpaka leo hizo ndizo zana za mawe za zamani zaidi zinazojulikana duniani. Kwa hivyo mtu akikwambia Turkana haina historia ya ufundi, mpe anwani ya Lomekwi.

Na si mawe tu. Wazee wetu walivaa kisu mkononi kama bangili, duara la chuma lenye makali upande wa nje, limefunikwa kwa ngozi ili lisimkate mwenyewe. Kile kisu hakina mpini kwa sababu mkono wenyewe ndio mpini. Mzee huyo huyo alibeba ekicholong, kigoda kidogo cha mti ambacho ni kiti mchana na mto wa kulalia usiku. Hao walikuwa watu wanaojua kifaa kinapaswa kukaa vipi mwilini.

Sasa angalia upande wa pili. Nyembe za kukunja zilizopata sifa duniani zilitoka Sheffield kule Uingereza na Solingen kule Ujerumani. Chuma kilikuwa chao. Lakini mipini ya zile za bei kali ilikuwa pembe za ndovu, magamba ya kasa na pembe za wanyama wengine. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu, na kuelekea mwisho wa karne hiyo wawindaji wa pembe walikuwa wameshafika mpaka ziwa letu hili. Kwa maneno mengine, sehemu nzuri ya kifaa ilitoka kwetu ikiwa ghafi, ikarudi ikiwa bidhaa ya watu wengine.

Biashara hiyo imekufa, na ni vizuri ilivyokufa. Mwaka 1989 Kenya ilichoma tani 12 za pembe, na mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara yake ya kimataifa. Aprili 2016 tukachoma nyingine, zaidi ya tani 100, pale Nairobi. Leo fundi wa mipini popote duniani anatafuta kitu kingine cha kupendeza: mti mgumu, mfupa, pembe ya ng'ombe, na sana sana resini. Ndiyo maana nasema mlango uko wazi. Nafasi iliyoachwa na ndovu haijajazwa na mtu mmoja.

Mpini wenyewe ni nini?

Kwa wale hawajawahi kuufungua, mpini wa wembe wa kukunja ni vibao viwili vyembamba, kila kimoja kama milimita 3 unene na sentimita 15 urefu. Upande mmoja kuna pini ya shaba inayopita kwenye vibao na chuma, ndiyo bawaba. Upande wa pili kuna kabari ndogo inayotenganisha vibao ili makali yalale katikati bila kugusa popote. Hiyo kabari ndiyo siri. Ikikosewa kidogo tu, wembe unalala upande, makali yanakwaruza mpini, na siku moja yanakutana na kidole chako.

Resini ni maji mazito ya kemikali, kama asali. Ukiyachanganya na kigandishi chake kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, yanashikana na kuwa gumu kama jiwe la plastiki. Unamimina kwenye kalibu, unasubiri, unatoa kibao, unakata umbo, unatoboa, unapiga msasa, unang'arisha. Ukiweka vipande vya mti au mfupa ndani kabla ya kumimina, vinabaki humo milele kama mdudu kwenye sandarusi.

Hesabu yake haitishi. Vibao viwili vya vipimo nilivyotaja, upana wa sentimita 2, ni kama sentimita 18 za ujazo. Ongeza ya kupotea kwenye msasa na kikombe, unafika gramu 30 hivi kwa mpini mmoja. Kilo moja ya resini na kigandishi chake inakupa mipini 30 ukiwa makini. Ukiwa kama mimi nilivyoanza, inakupa mipini mitatu na mlima wa takataka.

Jua la Lodwar halina huruma

Nitawaambia nilivyoharibu, kwa sababu video nyingi za kazi hii zimerekodiwa na watu wanaoishi kwenye baridi. Wanakwambia umimine mchana, weka taa ya joto, subiri. Wewe ukifanya hivyo Lodwar umejichongea.

Resini ikishikana inatoa joto lake yenyewe. Na kadiri hewa ilivyo na joto, ndivyo inavyokimbia. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukipandisha nyuzi 10, muda wako wa kufanya kazi unapungua karibu nusu. Chupa ikisema una dakika 40 kwa nyuzi 25, basi hapa kwetu saa nane mchana, nyuzi 35 na zaidi, hesabu dakika 20 au chini. Mara ya kwanza nilichanganya kikombe kizima, nikaanza kupanga vipande vya mti taratibu kama mtu anayepamba keki. Kabla sijamaliza, kikombe kilikuwa moto hakishikiki, kinatoa moshi, na ndani kuna jiwe la njano lenye nyufa. Mama mwenye nyumba alifikiri nachoma nyumba. Nilimwelewa.

Mara ya pili nilisoma upepo. Nilianza saa kumi alfajiri, kabla jua halijaamka. Nilichanganya kidogo kidogo, kisha nikamwaga kwenye sahani pana badala ya kuacha kwenye kikombe, maana resini iliyorundikana inajipika, iliyotandazwa inatulia. Chini ya sahani niliweka beseni la maji ya mtungi. Na nilinunua kigandishi cha polepole, ambacho duka la Nairobi huwa nacho ukiuliza. Usipouliza wanakupa cha haraka.

Mara ya tatu shida ikawa vumbi. Upepo wa huku unaujua mwenyewe. Kibao kilitoka kizuri lakini juu kina ngozi ya mchanga. Dawa yake ni boksi la katoni lililofunikwa juu ya kalibu, basi. Sikuhitaji mashine.

Na kuna kosa ambalo kila mtu analifanya: kudhani ukiongeza kigandishi kingi inakauka haraka na kuwa ngumu zaidi. Hapana. Ikizidi inabaki laini na kunata, na hakuna jua litakaloirekebisha. Nunua mizani ndogo ya jikoni. Koroga polepole, kwaruza kuta za kikombe, usipige kama unapiga mayai, utaingiza mapovu.

Ukishatoa kwenye kalibu kesho yake, usikimbilie kuuza. Resini nyingi za kawaida huchukua kama siku saba kufikia nguvu yake. Na hata ikikomaa, joto kali bado ni adui. Resini nyingi za bei nafuu huanza kulegea zikipita nyuzi 50 au 60. Nani asiyejua joto la mabati ya kibanda cha kinyozi saa saba mchana? Wembe ukiachwa kwenye dirisha lenye jua, mpini unaweza kupinda. Pia jua hugeuza resini angavu kuwa ya njano. Kwa hivyo ushauri wangu: achana na resini ya kung'aa kama kioo unayoiona kwenye simu. Huku kwetu tumia rangi nzito na mti mwingi. Resini iwe ya kuunganisha, mti uwe wa kuonekana.

Mathenge, koma na mfupa wa ngamia

Na hapo ndipo sisi tunawapita watu wa Nairobi. Malighafi nzuri tunaikanyaga.

Mathenge kila mtu anaulaani, na ana haki. Mti huo uliletwa kwenye maeneo yetu kame mapema miaka ya 1980 kuzuia jangwa, halafu ukajitangaza kuwa mwenye nyumba. Kule Baringo wakazi waliishtaki serikali mwaka 2006, wakapeleka mpaka mbuzi aliyeharibika meno kwa kula maganda yake. Mwaka 2008 mti huo ukatangazwa rasmi kuwa gugu baya. Lakini ukiukata ndani, ni mti mgumu, mzito, wenye rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na ukiupiga msasa vizuri unang'aa kama umepakwa mafuta. Sisi tunauchoma makaa. Gunia zima la makaa ya mathenge haliwezi kushindana na kipande cha mti huo cha ukubwa wa rula kikiwa kimegeuzwa mpini.

Tena kuna jambo la amani humo. Wote tunajua jinsi kuni zilivyogombanisha wenyeji na wakimbizi tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992. Mathenge ndio mti pekee ambao ukiukata hakuna mzee atakayekuita barazani kukuuliza kwa nini, mradi umepatana na mwenye shamba.

Halafu kuna mkoma. Majani yake mama zetu wanasukia vikapu, matunda watoto wanaguguna njiani, na kokwa tunatupa. Kokwa ile ikikauka ni nyeupe na ngumu kama pembe. Nje huko kokwa za jamii hiyo zimewahi kutengenezewa vifungo vya nguo. Kata vipande vyembamba, panga kwenye kalibu, mimina resini nyeusi. Utanishukuru.

Na mfupa wa ngamia. Ule wa mguu, kutoka kichinjioni. Uchemshe mpaka nyama na mafuta yote yatoke, uanike wiki kadhaa, ndio uukate. Ukiwa na mafuta resini haitashika. Hapa niweke onyo bila kuzunguka: usiguse pembe ya ndovu, gamba la kasa au kitu chochote cha mnyamapori, hata kama mtu amekwambia aliokota. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haina mzaha, na mpini mmoja haufai kukupeleka Lodwar GK.

Mti wowote unaotia ndani uwe mkavu kabisa. Unyevu ukikutana na resini unatoa mapovu, na kibao kinatoka kama mkate. Angalau hapo jua letu ni rafiki: lile lile linaloharibu resini linakukaushia mti bila bili ya umeme.

Usiuze mapafu yako

Sasa tusidanganyane. Kazi hii ina hatari, na kijana anayeifanya chumbani anakolala na wadogo zake anafanya kosa kubwa.

Resini ya epoksi haina harufu kali, ndiyo maana inadanganya. Ikigusa ngozi mara kwa mara, mwili unaweza kuanza kuikataa: upele, kuwashwa, macho kuvimba. Na mwili ukishaikataa, hali hiyo huwa haiondoki. Unaacha kazi, mwisho wa hadithi. Glavu ni lazima, na ikikushika usijifute kwa spiriti, maana inaweza kuipeleka ndani zaidi ya ngozi. Osha kwa sabuni na maji.

Ile resini nyingine, inayotumiwa na mafundi wa faiba kwenye mashua na bodi za magari, ni ya bei nafuu lakini harufu yake inakuambia yenyewe kwamba si rafiki. Kigandishi chake kikiruka jichoni kinaweza kukupofusha. Kama huna miwani ya kazi na mahali pa wazi, iache dukani.

Vumbi la msasa ni la tatu. Piga msasa kwa maji. Najua, maji Kakuma ni foleni na mtungi. Lakini beseni moja linatosha wiki nzima. Acha vumbi litue chini, tumia maji yale yale tena. Masalia usimwage kwenye laga, maana maji ya mvua yatayapeleka wanakochota wengine.

Na nakuomba, usiyeyushe chupa na mabomba ya plastiki kwenye sufuria ukidhani ndiyo resini ya maskini. Si kitu kimoja. Moshi wa mabomba yale ni sumu.

Upande wa mteja pia kuna dhamana. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa angalau siku saba. Kwa hivyo mimi sitamtengenezea kinyozi mpini wa wembe wa kunoa unaopita shingo ya kila mtu. Huo ni wa mtu mmoja nyumbani kwake. Wa kibandani uwe ule wa kubadilisha kipande cha wembe, na mpini wake usiwe na nyufa wala mashimo ya kuficha damu. Hapo resini inashinda mti mtupu: ikipigwa msasa vizuri haina vinyweleo, unaifuta kwa spiriti na kuendelea. Ila ni kufuta, si kuiloweka usiku kucha.

Nani atanunua?

Nimesikia hoja za wapinzani, na baadhi zina uzito.

Wa kwanza anasema: resini yenyewe inatoka nje, kwa hivyo bado tumeshika makali. Kweli, inatoka nje. Lakini angalia uwiano. Gramu 30 za kununua, zilizobaki ni mti wa bure, kokwa ya bure na saa tano za mikono yako. Cherehani nayo inatoka nje, na hakuna anayesema fundi wa nguo si fundi.

Wa pili anasema: soko ni dogo, ni wangapi wananyoa kwa wembe wa kukunja? Hapa nakubali nusu. Ukitegemea nyembe peke yake utalala njaa. Lakini aliyeweza mpini wa wembe, wenye milimita 3 na tundu lisilotakiwa kukosea hata kidogo, ataweza mpini wa kisu, kitana, kioo cha mkononi, fremu ya picha, hata kiraka cha ekicholong kilichopasuka. Wembe ni darasa. Ukifaulu hapo, mitihani mingine ni myepesi.

Na soko la kuanzia lipo mlangoni. Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lilitoa utafiti ulioitazama Kakuma kama soko badala ya kuitazama kama kambi tu. Lilikuta biashara zaidi ya 2,000 na matumizi ya dola milioni 56 kwa mwaka. Ongeza sasa makazi ya Kalobeyei, ongeza mji wa Lodwar wenyewe. Hesabu vibanda vya kinyozi kutoka kwako mpaka stendi, halafu hesabu ni vingapi vina kifaa kilichofungwa raba.

Wa tatu ndiye aliyeniuma zaidi. Ni rafiki yangu aliyesomea ushonaji, akasomea sabuni, akasomea ususi, yote kwa miaka mitatu. "Braza," aliniambia, "mimi nimechoka kufundishwa. Nataka kuuza." Nilikosa jibu la haraka. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa kwenye mafunzo ya wiki mbili ambayo siku ya mwisho tulipewa fulana, cheti na soda. Vifaa vilirudi kwenye gari vilivyokuja navyo. Wote 40 tulitoka tunajua kitu kimoja, kwenye mji mmoja, bila mashine hata moja. Ungetegemea nini?

Wenye ofisi, nanyi mna kazi

Kwa hivyo simalizi kwa kuwaambia vijana "jitumeni" halafu niende zangu. Kujituma tumejituma.

Kaunti na mashirika, badala ya kufundisha watu 40 sabuni ile ile, wekeni chumba kimoja cha kazi Lodwar na kingine Kakuma. Si jengo la kufunguliwa na mheshimiwa kwa utepe. Chumba chenye madirisha makubwa, feni ya kutoa vumbi, drili ya kusimama, mizani, maji na sanduku la glavu. Kijana alipe kidogo kwa saa, afanye kazi yake, atoke na mapafu yake yakiwa salama. Vyuo vya ufundi vipo tayari, Don Bosco wamekuwa wakifundisha ufundi Kakuma kwa miaka mingi, na chuo kikuu kishiriki kiko Lodwar. Kinachokosekana ni mlango kuachwa wazi baada ya kozi kuisha.

Pili, zawadi za wageni. Kila tamasha la Tobong'u Lore likifika, wageni wanapewa vitu. Kaunti ikinunua hata sehemu ya zawadi hizo kwa vijana wa hapa, ndugu wa Lodwar na ndugu wa Kakuma pamoja, hiyo ni oda ya kuanzisha karakana.

Tatu, na hili ni zito. Kinyozi wangu wa Kakuma hawezi kuamka asubuhi akapanda gari kuja Lodwar kuchagua mipini. Anahitaji kibali cha kusafiri. Mpini ninaoutengeneza unaweza kwenda kwake kwa bodaboda na matatu. Yeye hawezi kuja kwenye mpini. Tuna Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, na Machi 2025 serikali ikazindua Mpango wa Shirika, unaosema wakimbizi na wenyeji waishi na kufanya kazi pamoja. Mwaka huo huo mgao wa chakula ukapunguzwa. Huwezi kumpunguzia mtu mgao, ukamwambia ajitegemee, halafu ukamfungia barabara. Chagueni moja.

Na sisi vijana, kazi yetu ni ipi? Ni kuacha kungojea semina. Watatu mkichanga, mnaweza kununua nusu kilo ya resini, mizani na glavu. Mmoja akate mti, mmoja amimine, mmoja azunguke na sampuli vibandani. Andikeni kila mnachomwaga: saa, joto, kipimo, kilichotokea. Baada ya miezi sita daftari hilo litakuwa na thamani kuliko chupa yenyewe, kwa sababu hakuna mtu wa Ulaya aliyewahi kuandika jinsi resini inavyofanya Lodwar mwezi wa pili. Mkiwa tayari, nendeni NITA mkaulize jinsi ya kupimwa ufundi wenu, mpate karatasi inayotokana na kazi, si kazi inayongojea karatasi.

Mimi nilirudi Kakuma mwezi uliofuata na mpini wangu wa nne, mathenge na resini nyeusi, pini za shaba nilizokata kwenye waya. Haukuwa kamili. Kabari ilikuwa nene kidogo. Kinyozi aliugeuza, akaufungua na kuufunga mara kumi, akaunusa, kisha akauliza swali ambalo hakuna mkufunzi wa semina aliyewahi kuniuliza: "Itavumilia spiriti?"

Nikamwambia ajaribu mwezi mzima, ukiharibika nitaleta mwingine bure. Alifungua droo, akatoa wembe wa pili, nao umefungwa raba. "Basi kamata na huu," akasema.

Hiyo ndiyo oda yangu ya kwanza. Ipo mezani sasa hivi. Kesho saa kumi alfajiri naamka kumimina.